Sura ya Nane: Uzito wa Bi Mwanaheri

Bega la kulia lilikuwa bado linamuuma. Inspekta Mbwana Mwishehe alilisugua kwa mkono wa kushoto, akaendelea kuitazama mashine iliyosemwa kuwa ndiyo iliyotumika kumwua Bi Mwanaheri. Ilikuwa fupi, ya magurudumu manne, imeshuka kutoka Ulaya ikiwa mtumba kama mashati ya Manzese. Mirija yake ilikuwa imeviringishwa na kufungwa kwa plasta. Ubavuni ilikuwa na swichi moja nyeusi ya kuzungusha, na kesi nzima ilikuwa imening'inia kwenye swichi hiyo.

"Inafanya nini?"

"Inaongoza kasi ya maji ya kusafishia damu," alijibu Daktari Deogratias. "Ukizungusha kulia yanakwenda mbio. Kushoto, yanapungua."

"Na mgonjwa?"

"Damu yake inapita huku, maji yanapita huku, uchafu unahama. Figo zikigoma, hii ndiyo inakuwa figo. Inamsafisha polepole, mchana kutwa na usiku kucha, mpaka za kwake ziamke." Alisita. "Kama zitaamka."

Daktari alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi. Alikuwa bingwa wa figo, na kama mabingwa wote wa mji huu siku hizi alikuwa amegawanyika vipande: asubuhi kwa serikali, jioni kwa wenye hospitali za binafsi. Tangu serikali iruhusu hospitali hizo, kila mwenye nyumba ya vyumba sita na rangi mpya alitundika kibao cha msalaba mwekundu. Hii ya Kimara angalau ilikuwa na mashine. Ndiyo maana Bi Mwanaheri alibebwa kutoka Temeke mpaka huku, malaria imempanda kichwani na figo zimezimika.

Akafia hapa hapa. Akazikwa siku ile ile, kama ilivyo desturi. Kesho yake bintiye Najat alisimama mbele ya meza ya Mbwana na kusema maneno ambayo Inspekta alikuwa bado anayasikia: "Mashine ilikuwa inanguruma vizuri. Yule nesi akaja, akazungusha swichi kushoto. Kaipunguza. Nimemwona kwa macho yangu haya."

Tangu hapo muuguzi Anjelina Haule alikuwa mahabusu. Mkuu wa upelelezi alitaka afikishwe mahakamani kesho asubuhi kwa kosa la kuua kwa kukusudia, kosa lisilo na dhamana. Akishaingia huko, mtu anaweza kukaa miaka akisubiri tarehe. Anjelina alikuwa na mtoto wa kunyonya.

Mlango ulisukumwa. Sajini Kokushubila aliingia akivuta boksi kubwa, jasho linamtiririka, uso umejaa ushindi.

"Afande, tumemaliza kazi. Tazama." Alifungua boksi. Ndani kulikuwa na mifuko ya maji ya kusafishia, imejaa, haijafunguliwa. "Hii ilitolewa stoo kwa jina la marehemu. Ilitakiwa iingie kwenye mashine. Haikuingia. Nimeikuta kabatini kwa mtuhumiwa, na kufuli lake juu. Mie sihitaji mganga anipigie ramli."

Mbwana alikuwa ameshageuka. Alikuwa anamtazama daktari, ambaye aliinama juu ya boksi, midomo ikichezacheza kama mtu anayepiga hesabu.

"Iko sawa," daktari alisema.

"Sawa vipi?" Kokushubila alifoka.

"Kwa kasi aliyowekewa, na kwa muda alioishi, ndiyo inayotakiwa kubaki. Sista hakuiba hata tone. Aliifungia ili wodi nyingine wasije kuazima. Hapa wakiazima ndiyo wamechukua."

"Aliyemwekea kasi hiyo ni nani?" Mbwana aliuliza.

"Mimi. Kwa simu. Nilikuwa Morogoro kwenye semina."

"Kwa hiyo aliposhusha swichi..."

"Alifanya nilichomwambia. Mashine ilikuwa imeachwa kwenye kasi ya mgonjwa wa kabla yake, mfanyabiashara mmoja, pande la mtu. Yule alikuwa kwenye lita mbili kwa saa. Bi Mwanaheri nilimwagizia lita moja na kidogo. Sista akaishusha."

Kokushubila alilifunga boksi taratibu, ushindi wote umemtoka. Mbwana alipaswa kufurahi. Lakini kosa halikufutika. Lilikuwa limehama tu, na hakuwa anajua bado limehamia kwa nani.

"Kwa nini lita moja na kidogo? Kwa nini si mbili?"

"Dozi hupigwa kwa uzito, Inspekta. Kila kilo ya mwili ina haki yake ya maji kila saa. Mtu mkubwa ana uchafu mwingi wa kusafishwa, mdogo ana kidogo. Ukimzidishia mdogo unamkausha. Ukimpunja mkubwa, uchafu unakaa."

"Na Bi Mwanaheri ulimpigia kilo ngapi?"

"Sitini."

Mkono wa Mbwana ulisimama juu ya bega.

Yeye alikuwa mazikoni kabla jambo hili halijawa kesi. Hakwenda kama polisi. Alikwenda kama jirani wa Temeke, na kama mume wa Chausiku, aliyechezwa unyago na Bi Mwanaheri huyo huyo, kungwi ambaye nusu ya wanawake wa mtaa ule walipita mikononi mwake. Jeneza hupokezanwa. Kila mwanamume hukimbilia kupata thawabu yake, anabeba hatua chache, anamwachia mwenzake. Siku hiyo watu walipokea wakaachia upesi kuliko kawaida. Mti wa jeneza ulimng'ata Mbwana begani mpaka machozi yakamlengalenga, na kijana wa mbele yake alikuwa anapepesuka. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa neno lile halisemwi. Mbwana naye alijiambia ni uzee.

Alitoka mpaka kwenye korido. Kulikuwa na mzani pale, wa kusimama, sahani yake imechakaa. Alivua viatu akapanda.

"Daktari, njoo unisomee."

"Themanini na moja," Deogratias alisema.

"Bi Mwanaheri nimeishi naye mtaa mmoja miaka yote. Alikuwa mimi mara mbili, ukiondoa labda mguu." Alishuka, akavaa viatu. "Sasa niambie hiyo sitini uliiokota wapi."

Daktari alivua miwani. Bila miwani alionekana kijana sana.

"Niliambiwa themanini. Nikaambiwa ni mnene kidogo. Kuna ubishi, Inspekta, hata kwenye vitabu. Wapo wanaosema piga dozi kwa kilo zote alizonazo. Wapo wanaosema toa mafuta kwanza, kwa kuwa mafuta hayana maji mengi ya kusafisha. Mimi nilitoa. Mtu wa themanini aliyenenepa, nikampa sitini."

"Na wa mia moja na hamsini, au mia moja na sitini?"

"Ningetoa pia. Ningempa mia."

"Mia ni lita ngapi kwa saa?"

Daktari alitazama nyuma, kule ilikokuwa mashine. Mbwana alitazama huko huko. Jibu walilipata wote wawili kwa pamoja.

"Mbili," daktari alisema. "Kama ilivyokuwa imeachwa." Alikaa kwenye benchi la wagonjwa. "Sista asingeigusa ile swichi, angekuwa amepata dozi yake."

"Mlipimaje kama anasafika?"

"Damu tulipeleka mjini, hapa hatuna maabara ya kupima vile. Majibu yalirudi ameshazikwa. Potasiamu ilikuwa imepanda, ndiyo iliyousimamisha moyo."

"Kwa lita mbili angepona?"

"Labda."

"Labda gani hiyo?"

"Labda ya daktari. Aliletwa amechelewa, hali ilikuwa mbaya, nisikudanganye. Lakini labda ilikuwapo, na sisi tukaipunguza." Alivaa miwani, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyekumbuka kwamba ana leseni. "Mahakamani sitasema niliambiwa kilo ngapi mpaka nizungumze na wakili."

Mbwana hakushangaa. Hakukasirika hata, na hilo lilimtisha zaidi kuliko hasira.

*

Anjelina aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na gauni lile lile la kazi. Kifuani lilikuwa limelowa madoa mawili ya maziwa. Alijifunika kwa mikono.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, sista. Kaa. Daktari ameniambia alikuagiza kwa simu. Kwa nini hukusema?"

"Niliulizwa umepunguza au hukupunguza? Nikasema nimepunguza. Wakaandika, wakanirudisha ndani."

Sajini Kokushubila, aliyesimama mlangoni, aliangalia sakafu.

"Daktari anasema ulimwambia kilo themanini. Ulimpima?"

"Ningempimaje? Kaletwa juu ya godoro, wanaume sita wamembeba, hajitambui. Mzani wetu ni wa kusimama. Nikamwuliza mtoto wake."

"Najat."

"Huyo huyo. Akasema themanini. Nikamwuliza tena, una hakika? Akanitazama kama nimemvua mama yake nguo mbele za watu. Akasema, themanini, sista, andika."

"Na macho yako yalisemaje?"

Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio ukikwaruza saruji.

"Macho yangu yalijua si kweli," alisema hatimaye. "Ila simu iko mapokezi. Ndugu wamejaa pale, wanamsomea mgonjwa dua. Daktari akaniuliza, ni mnene? Nikasema mnene kidogo."

"Kidogo?"

"Afande, ningesemaje? Mama wa watu anakata roho, wanawe wamenizunguka, mie nipige kelele kwenye simu kwamba mgonjwa ni mnene kupita kiasi? Sie kwetu Songea mtu mzima hatajwi kilo kama gunia la mahindi. Niliona haya. Nikajua daktari mwenyewe atakuja, atamwona." Alizidi kujikumbatia kifuani. "Hakumwona."

Mbwana alilisugua bega. Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyemchukia yule mama. Binti alipunguza, nesi akapunguza, daktari akapunguza cha mwisho. Alikuwa amezoea kutafuta mtu mmoja aliyebeba kisu. Hapa kila mtu alikuwa amekwangua kidogo, kwa adabu zake.

"Nitatoka?" Anjelina aliuliza.

"Maiti iko kaburini, na familia haitakubali ifukuliwe. Daktari keshaanza kutafuta wakili. Ile namba haipo popote ila vinywani mwenu. Aliyekushtaki akisema alichokuambia, hakuna wa kukufunga."

"Na asiposema?"

Mbwana aliinuka, akarudisha kiti mezani. Anjelina alielewa, akainamisha kichwa. Alipoongea tena alikuwa ameshajipangusa machozi.

"Basi mwambie polepole, afande. Usimwambie kipolisi. Yule binti alilala chini ya kitanda cha mama yake, hakula."

*

Temeke walikuwa wanajiandaa kwa hitma. Uani wanawake walikuwa wanachambua mchele kwenye masinia na kukuna nazi, na mmoja alisema kitu wengine wakacheka, kama watu wanavyocheka siku ya tatu ya msiba, wamechoka kulia. Mbwana alipitishwa chumbani. Najat alikuwa amekaa mkekani, anakunja nguo za marehemu kwa ajili ya kugawa sadaka. Magauni yale, kila moja lingetosha wanawake wawili. Alikuwa anayakunja mara nyingi, mpaka yawe madogo.

"Shikamoo, Baba Naima." Mtaani hapa hakuna aliyemwita Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Poleni tena."

"Tumeshapoa. Kesho ndiyo yule nesi anapelekwa mahakamani, eti?"

"Nina swali kwanza." Alikaa kwenye kigoda, magoti juu. Alitamani kazi hii angepewa mtu mwingine, yeyote. "Mlipofika hospitali, walikuuliza uzito wa mama?"

"Waliuliza."

"Ukasema ngapi?"

"Themanini."

Alijibu upesi, bila woga, na mikono yake haikuacha kukunja. Hapo Mbwana alijua kwamba Anjelina atatoka. Alijua pia kwamba binti huyu hakuwa na habari ya anachokisema.

"Hiyo themanini uliipata wapi?"

"Baba Naima nawe! Unamjua mama. Kapanda mzani lini? Hata kliniki aliachaga kwenda kwa ajili ya mzani. Anasema jicho la watu ndilo lililomwua Mama Mkubwa. Alisifiwa mwili ngomani Ijumaa, Jumapili tukamzika." Alilaza gauni jingine mapajani. "Pale mapokezi watu walikuwa wanamtazama mama. Kuna wawili walikuwa wanacheka, nimewaona. Godoro limepinda, kanga imempanda, mie namvuta huku, inafunuka kule. Halafu yule nesi anauliza kwa sauti, ana kilo ngapi. Nikasema angalau hili nimfunike. Nikataja ya mtu wa kawaida." Aliinua macho. "Kuna ubaya?"

Mbwana alikumbuka maneno ya Anjelina. Polepole. Lakini hakuna upole wa kulisema jambo hili, kuna kulisema tu.

"Najat, ile mashine dozi yake inapigwa kwa uzito. Mtu mwenye kilo nyingi anapewa maji mengi. Mwenye chache, machache. Ulimwona nesi anaishusha swichi. Ni kweli aliishusha, hujasema uongo. Aliishusha ifike kwenye kilo alizoambiwa."

Mikono ilisimama.

"Alizoambiwa na nani?"

Uani wanawake walicheka tena. Mbwana aliona jambo likimwingia Najat taratibu, kama maji yanavyopanda ndani ya nyumba ya bondeni, kwanza sakafu, halafu miguu ya kitanda. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Ilikuwa inanguruma vizuri," alisema. "Kabla hajaigusa."

"Ndiyo."

"Ilikuwa imemfaa mama. Ile ya kwanza."

"Daktari anasema huenda."

"Basi aliyeishusha ni mie."

"Nesi naye alipunguza. Na daktari. Hata mimi, nimelibeba..." Alijikatiza. "Wengi tumepunguza, mwanangu, kila mtu kidogo."

"Mie ndiye nilianza." Alilichukua gauni lililokuwa mapajani, akalikunjua lote, likamfunika miguu na kujaa mkeka mzima. "Yule nesi ana mtoto?"

"Ana mtoto wa kunyonya."

"Nitakuja kesho alfajiri, niseme."

"Twende sasa hivi, Najat." Alijichukia alivyolitamka. Lakini kesho alfajiri ni mbali, na binti aliyejua alichokijua asingeachwa peke yake na usiku mzima wa kulifikiria. "Sajini yupo nje na gari. Ni mwanamke. Mtakwenda wote."

Najat aliinuka, akavaa baibui lake juu ya kanga ya msiba. Hakuwaaga waliokuwa uani. Walipofika ukumbini, mbele ya mlango wa nje, alisimama na kumgeukia.

"Baba Naima, sie wanawake hatuendi makaburini. Nilitaka kuuliza, sikupata wa kumwuliza. Ulilibeba jeneza la mama?"

"Nililibeba."

"Wanasema jeneza la mtu mwema huwa jepesi. Bibi alikuwa akituambiaga hivyo. Ukiona wabebaji wanatweta, ujue maiti ana madeni na Mungu." Alishika kitasa cha mlango. "Mama alifundisha watoto wa watu, hakumtesa mtu. Lilikuwa jepesi?"

Mbwana alikuwa amehoji wezi, wauaji, na wake za wauaji. Kazi yake yote ilikuwa kuwafanya watu waseme kilo kamili. Alimtazama usoni mtoto wa Bi Mwanaheri.

"Jepesi, mwanangu," alisema. "Tulilibeba kama hamna mtu."

Najat alikuwa ameacha kumtazama usoni, anautazama mkono wake wa kushoto, ambao ulikuwa umeshapanda wenyewe na kuanza kulisugua bega la kulia.